Mlango Mwema ni Mlinzi wa Nyumba

Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango," wakikusudia kuwaonya watu wasidanganywe na uzuri wa nje. Maneno hayo ni ya kweli. Lakini mtu ye yote aliyewahi kurudi kwake akakuta mwimo umepasuka, kitasa kinaning'inia, na baiskeli pamoja na gunia la mahindi havipo tena, atakiri kwamba nyumba isiyo na mlango mwema ina upungufu mkubwa.

Ni jambo la kusikitisha kwamba watu wenye busara katika mambo mengine hulichukua jambo hili kwa wepesi. Mtu huweka akiba miaka mingi, akanunua matofali, saruji na mabati, na kumchagua fundi mwashi kwa uangalifu. Kisha fedha zinapokaribia kwisha ndipo anapokumbuka milango. Hapo hununua ule ulio rahisi, au ule unaong'aa kuliko yote, akamwachia fundi ye yote aufunge apendavyo. Mvua za masika zinapofika, mlango huvimba usifungike. Kiangazi kinaporudi, husinyaa ukaacha nyufa za kupitisha mbu na mkono wa mwizi.

ZAMANI KATIKA NCHI YA ZIWA

Wenyeji wa kando ya Ziwa Victoria walijua thamani ya mlango tangu kale. Huko Thimlich Ohinga, katika Kaunti ya Migori, zimesimama hata leo kuta za mawe zilizojengwa pasipo saruji wala udongo wa kuyashikanisha. Wataalamu hukadiria kwamba ujenzi wake ni wa yapata karne ya 16, na mwaka 2018 mahali hapo paliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mgeni afikaye huko hustaajabia urefu wa kuta, lakini jambo kubwa la kujifunza liko langoni. Malango yale yalifanywa mafupi na membamba kwa makusudi, na juu yake yakalazwa mawe marefu ya kubeba uzito. Adui aliyetaka kuingia alilazimika kuinama, na mtu aliyeinama hapigani vyema. Wajenzi wale hawakuwa na vitasa vya dukani. Ulinzi wao ulikuwa katika namna ya kujenga.

Fundisho hilo hilo laonekana katika pwani ya Bahari ya Hindi. Watu husifu sana nakshi za milango ya Lamu na Unguja, lakini seremala ajuaye kazi hutazama kwanza unene wa fremu. Milango mingi ya kale ya huko haikufungwa kwa bawaba. Ilizunguka juu ya ncha zilizotiwa katika matundu ya vizingiti, juu na chini, hata uzito wote ukachukuliwa na kizingiti.

Reli ilipofika ukingoni mwa ziwa mwezi wa Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence na ambapo leo ni Kisumu, bidhaa za chuma ziliweza kufika kwa wepesi kuliko zamani. Misumari, bawaba na makufuli vikaingia katika nyumba ambazo hapo kwanza zilifungwa kwa milango ya fito na matete. Shule ya Maseno, iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwafundisha vijana useremala pamoja na kusoma na kuandika. Siku hizi vifaa vimejaa madukani, na karibu na soko la Kibuye mafundi wa mbao na wa chuma hufanya kazi mbele ya macho ya mnunuzi. Shida haiko tena katika kupata mlango, bali katika kuuchagua.

KAZI MBILI ZA MLANGO

Na achukuliwe kwa mfano mtu afanyaye kazi ofisini mjini Kisumu, ambaye anamjengea mama yake nyumba huko Seme. Akiulizwa anataka mlango wa namna gani, hatasita kujibu: "Mlango ulio imara, mwizi asiweze kuingia." Jibu hilo ni jema, lakini ni nusu tu. Mama huyo ni mzee, naye hulala peke yake au pamoja na mjukuu mdogo. Ikiwa koroboi itaanguka usiku na moto kushika pazia, je, ataweza kuufungua mlango ule gizani, katika moshi, kwa mikono inayotetemeka?

Basi mlango una kazi mbili. Ya kwanza ni kumkataa mtu asiyetakiwa. Ya pili ni kumtii mwenyewe wakati wo wote. Mlango wa chuma wenye makufuli matatu kwa ndani, na funguo zake zimefichwa chini ya godoro, hutimiza kazi ya kwanza na kuiharibu ya pili. Siku ya moto mlango wa namna hiyo huwa gereza. Kila kitu kinachonunuliwa, tangu ubao mpaka skrubu ya mwisho, na kipimwe kwa kazi hizo mbili.

UBAO

Mvule na mtarakwa ni mbao zenye sifa ya kustahimili mchwa na mvua, nazo zafaa sana kwa mlango wa nje na fremu yake. Mbao ngumu nyingine huletwa kutoka Uganda na Kongo, na bei yake ni kubwa. Wengi hutumia saiprasi, ambayo ni nyepesi na rahisi kuchonga, lakini sehemu yake nyeupe ya nje huliwa upesi na mchwa isipotiwa dawa. Mkaratusi una nguvu, walakini hupinda na kupasuka ukichongwa ungali mbichi.

Mwezi wa Februari 2018 Serikali ya Kenya ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma, na mwezi wa Julai 2023 Rais William Ruto akatangaza kuiondoa marufuku hiyo. Katika miaka ile bei ya mbao ilipanda. Bei ikiwa juu, hapana budi mnunuzi aangalie zaidi asiuziwe mbao mbichi, maana ubao mbichi ndio asili ya matatizo mengi ya milango. Mti uliokatwa juzi umejaa maji. Ukikaukia mlangoni husinyaa, viungo vikaachana na mbao zikapinda kama upinde.

Iko njia rahisi ya kujua. Mnunuzi na aombe kipande kifupi cha ubao ule ule, akipime katika mizani ya dukani na kuandika uzito wake. Kisha akiweke kivulini, penye kupitisha hewa, kwa muda wa wiki moja au mbili, akipime tena. Kikiwa kimepungua sana, ubao ni mbichi. Kikibaki karibu kama kilivyokuwa, ubao umekauka. Mwenye subira anaweza kununua mbao mapema, akazipanga chini ya paa, huku akitia vijiti kati ya ubao na ubao ili hewa ipite, akaziacha kwa miezi kadhaa kabla ya kumwita seremala.

Kwa jiko au ghala, mlango wa mbao zilizosimamishwa na kushikwa nyuma kwa mapao watosha. Lakini watu wengi hukosea pao la mshazari. Pao hilo lapasa kuanzia chini, upande wa bawaba, na kupanda hadi juu upande wa kitasa, ili liuchukue uzito na kuusukuma kuelekea kwenye bawaba. Likigeuzwa, misumari ndiyo itakayobeba uzito, na baada ya muda mlango utainama na kukwaruza sakafu.

Kadhalika iko milango laini ya mbao nyembamba zilizogundishwa pande mbili, na ndani yake mna uwazi au fito chache. Hiyo yafaa kwa vyumba vya ndani, lakini haifai kwa nje. Watu wa uwanda wa Kano, ambako Mto Nyando hufurika mara kwa mara, na wale wa kando ya ziwa walioona maji yakipanda kupita kiasi mwaka 2020, wanajua jinsi gundi inavyoachia ubao unapolowa.

CHUMA

Mlango wa chuma hauogopi mchwa, na ndiyo sababu umependwa sana. Lakini usinunuliwe kwa rangi yake. Unene wa bati huandikwa kwa geji, na hapa wengi hudanganyika: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo bati linavyokuwa jembamba. Bati la geji 16 ni nene kuliko la geji 18. Mnunuzi na agonge katikati ya mlango kwa kiganja. Ukilia na kutikisika kama debe, fremu yake ya ndani ni chache au bati ni jepesi.

Maji ya Ziwa Victoria hayana chumvi kama ya bahari ya Mombasa, lakini mvua na unyevu vyatosha kuleta kutu. Kutu huanzia chini, ambako maji hukaa, na katika maungio yaliyochomelewa. Yafaa maungio yasuguliwe, yapakwe rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya kupamba, na tundu dogo liachwe chini ili maji yaliyoingia yapate kutoka. Tena ikumbukwe kwamba mlango wa chuma unaoelekea magharibi hupokea jua kali la alasiri. Ukuta wa kibaraza au kivuli cha mti utaupunguzia joto.

FREMU NDIYO NGUVU

Mwizi avunjaye mlango kwa teke mara nyingi haupasui ubao. Hupasua mwimo pale kitasa kinapoingia, au hung'oa fremu nzima kutoka ukutani. Kwa hiyo shilingi za mwisho zisitumiwe kwa nakshi. Zitumiwe kwa fremu.

Tundu la mlango wa nje hufanywa aghalabu kwa upana wa sentimeta 90 na urefu wa sentimeta 210. Upana huo huruhusu kitanda kupita, na mgonjwa katika kiti cha magurudumu pia. Fremu ishikwe ukutani kwa vipande vya chuma vilivyopigiliwa kwenye miimo na kuzikwa ndani ya saruji kati ya mistari ya matofali, vitatu kila upande. Miguu ya miimo isiguse udongo kamwe. Isimamishwe juu ya zege au jiwe, na sehemu inayogusa ukuta ipakwe dawa ya mchwa au lami kabla ya kuwekwa, kwa maana baadaye haitafikiwa tena.

Fundi asimamishe fremu kwa timazi katika pande mbili: kulia na kushoto, kisha mbele na nyuma. Halafu apime kwa kamba toka pembe ya juu kulia hadi ya chini kushoto, na toka ya juu kushoto hadi ya chini kulia. Vipimo hivyo viwili vikiwa sawa, fremu imenyooka. Visipokuwa sawa, na irekebishwe kabla saruji haijakauka.

BAWABA NA SKRUBU

Mlango mzito wa nje wataka bawaba tatu za sentimeta 10. Ya juu iwe kama sentimeta 15 kutoka ukingo wa juu, ya chini kama sentimeta 20 kutoka ukingo wa chini, na ya tatu katikati. Kila bawaba ichimbiwe kwa patasi hata ilale sawa na uso wa ubao. Ikichimbiwa kupita kiasi, mlango utakataa kufungika na kuzing'oa skrubu zake wenyewe.

Mafundi wengine hupiga skrubu kwa nyundo kama misumari ili wamalize mapema. Tendo hilo ni la kuharibu kazi, kwa kuwa nyuzi za ubao hukatika na skrubu haishiki tena. Skrubu hutobolewa tundu jembamba kwanza, kisha huzungushwa kwa bisibisi. Zinazoingia katika mwimo zisiwe fupi kuliko sentimeta 5. Kwa kawaida mlango wa nje hufunguka kwa ndani, ili bawaba zisionekane na mtu aliye nje. Kama hapana budi ufunguke kwa nje, pini za bawaba zifanywe zisiweze kutolewa.

Kati ya mlango na fremu uachwe uwazi wa milimeta tatu hivi pande zote. Huo ndio nafasi ya ubao kuvimba wakati wa mvua.

KITASA, KOMEO NA KUFULI

Vitasa vya leva vimeandikwa idadi ya leva zilizomo ndani. Cha leva mbili kinatosha chumba cha ndani. Mlango wa nje wataka leva tatu au zaidi. Robert Barron wa Uingereza alipata hati ya kitasa chake cha leva mbili mwaka 1778, na baada yake wengine wakaongeza leva. Hata hivyo mwaka 1851, katika Maonyesho Makuu ya London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs aliwashangaza watu kwa kuvifungua bila ufunguo vitasa viwili vilivyosifiwa kuliko vyote Uingereza. Kwa hiyo hakuna kitasa kisichofunguka. Mwenye nyumba hutafuta kitasa kitakachomchelewesha mwizi na kumfanya apige kelele.

Kitasa cha kuchimbiwa ndani ya ubao hutaka mlango wenye unene wa kutosha, yapata sentimeta 4 au zaidi. Katika mlango mwembamba hubakiza ukuta mdogo wa mbao, na hapo ndipo utakapovunjika. Afadhali kitasa cha kubandikwa upande wa ndani. Bamba la chuma linalopokea ulimi wa kitasa katika mwimo lishikwe kwa skrubu ndefu. Watu wengi hulidharau, na mwizi hulijua.

Kwa mlango wa kufuli, pete na tumbuu yake zifungwe kwa bolti zinazopenya hadi ndani na kukazwa kwa nati. Skrubu zilizo wazi kwa nje hufunguliwa kwa bisibisi, na kufuli la bei kubwa likabaki zima mkononi mwa mwizi.

Kazi ikiisha, mwenye nyumba ahesabu funguo zote zilizokuja na kitasa. Kama kitasa kilitumika wakati mafundi wakiingia na kutoka, ni busara kukibadilisha siku ya kuhamia.

Kwa ndani, komeo moja lenye nguvu, linaloteleza bila ufunguo, lafaa kuliko makufuli mengi. Kama kuna mlango wa vyuma wa pili wenye kufuli, ufunguo wake utundikwe kila usiku mahali pamoja, karibu na mlango lakini mbali na dirisha, na kila mtu wa nyumbani apajue, hata mtoto.

MBU NA MVUA

Nchi ya kando ya ziwa ina malaria mwaka mzima. Mbu huingia hasa kupitia nafasi iliyo kati ya ukuta na paa, lakini mlango ulioachwa wazi jioni ni njia yao pia. Mlango wa pili wa wavu mwembamba, wenye springi ya kuurudisha wenyewe, huwezesha upepo wa ziwa kuingia na mbu kubaki nje. Huo haubadili haja ya chandarua, bali husaidiana nacho.

Kwa mvua ya dhoruba, kizingiti cha zege kiinuliwe kidogo na kuinamishwa kuelekea nje, na kipande cha ubao wa mteremko kipigiliwe chini ya mlango kwa nje ili kutupa maji mbali. Ukingo wa chini na wa juu wa mlango upakwe rangi au vanishi kabla haujatundikwa. Kingo hizo hazionekani na macho, lakini ndizo zinazonywa maji.

KABLA YA KUMLIPA FUNDI

Fedha ya mwisho isitolewe mpaka mlango umejaribiwa. Ufunguliwe nusu na kuachwa: ukitulia pale pale, fremu imenyooka, ukijifungua au kujifunga wenyewe, timazi ilidharauliwa. Ufunguo uzungushwe mara kumi, mlango ukiwa wazi na ukiwa umefungwa. Ndoo ya maji imwagwe juu yake kwa nje, na sakafu ya ndani itazamwe.

Jaribio la mwisho ni la usiku. Yule mtu wa Kisumu na amwombe mama yake aingie ndani, ajifungie, azime taa, kisha ajaribu kutoka peke yake bila kusaidiwa. Akitatizika na komeo lililo juu mno au zito mno, lishushwe au libadilishwe kesho yake asubuhi, hata kama fundi atanung'unika. Akitoka upesi, na wakati huo huo mtu mwenye nguvu aliye nje hawezi kuingia, mwana aweza kurudi kazini mjini na kulala usingizi wake bila wasiwasi.